Umehoji mawazo mabaya juu yako na bado huna amani? Tafuta dalili yako hapa

Watu wengi washasikia hii habari ya kuhoji mawazo, kwamba ukijiona hufai usikubali tu, jiulize "hivi ni kweli?", na wengi wamejaribu kweli kwa moyo wote, wamelala kitandani usiku wakajiuliza weee, asubuhi wakaamka na mzigo ule ule na juu yake wamepata wazo jipya, "hata hili nalo limenishinda". Hilo la mwisho ndo linaniuma zaidi, maana mara nyingi mtu hajashindwa chochote, amehoji kitu ambacho hakihojiki. Amehoji swali, au amehoji hisia, au amehoji jambo la kweli kabisa ambalo linataka kufanyiwa kazi. Kwahiyo nimepanga kwa dalili, soma inayokuhusu, zingine ruka.

Kwanza njia yenyewe kwa ufupi ili twende pamoja. Ilianzia kwa daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Aaron Beck, huko Philadelphia Marekani, miaka ya 1960. Alikuwa anatibu watu wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha (depression), akagundua kwamba mgonjwa akiwa anaongea, pembeni kuna mawazo mengine yanapita haraka haraka ambayo hayasemi, kama vile "namboa huyu daktari", na mgonjwa anayaamini bila kuyakagua hata sekunde moja. Akaanza kuwafundisha wayakamate wayakague. Mpaka leo hatua ni zile zile: unaandika tukio lililokuumiza, unaandika wazo lililokuja, unalipa namba kati ya 0 na 100 kwa jinsi unavyoliamini, unaandika ushahidi unaoliunga mkono na ushahidi unaolipinga, unaandika sentensi nyingine yenye haki zaidi, halafu unalipa lile wazo la kwanza namba tena. Yote haya kwenye karatasi au notsi za simu. Ukiyafanya kichwani tu yanageuka kuwa kuwaza, na kuwaza tayari unako kwingi.

KABLA HUJAANZA

Kama unawaza kufa, au kujidhuru, au unaona nyumbani wangekuwa afadhali bila wewe, acha kusoma hapa, mwambie mtu mmoja leo hii hii, usibaki peke yako chumbani, na nendeni hospitali, idara ya dharura wanapokea hata usiku. Hilo halisubiri karatasi.

Na kama kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku huna raha na chochote, usingizi umeharibika, chakula hakipandi au unakula bila kushiba, mwili mzito, fika hospitali ukaangaliwe. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, pombe ya kila siku, miezi ya baada ya kujifungua, vyote hivi vinaweza kumfanya mtu ajione takataka, na ukihoji wazo peke yake unakuwa hujagusa chanzo. Hospitali nyingi za mkoa zina kitengo cha afya ya akili, ukiacha zile kubwa kama Muhimbili, Mirembe pale Dodoma, au Mathari kwa walioko Nairobi. Na kwenda huko hakumaanishi umekuwa kichaa, jamani hili tuliache sasa.

DALILI: "Nikijiuliza nawaza nini naona hamna kitu, najisikia vibaya tu"

Hii inawapata wengi mwanzoni. Chanzo ni kwamba wazo lenyewe linapita kwa kasi, au limekuja kama picha na halikuja kama maneno, mfano unaiona tu sura ya baba anakuangalia vile alivyokuwa anakuangalia ukileta ripoti ya shule. Usiliwinde wazo. Anza na tukio: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, nani alisema nini, mwili ulifanya nini, kifua kilibana, uso ulipata joto? Ukishapata ile dakika yenyewe uliyobadilika, jiulize "hili limeniambia nini kuhusu mimi?", na jibu likija uliza tena hivyo hivyo kwa lile jibu.

Mfano umemtumia rafiki meseji, tiki za bluu zimetokea, kimya mpaka jioni. Limekuambia nini? Kwamba kanichunia. Na kama kakuchunia, hilo linasema nini kuhusu wewe? Kwamba nimemchosha. Na kama umemchosha? Kwamba mimi watu wakinizoea wananikimbia. Hapo ndo umefika, sentensi ya kukagua ni hiyo ya mwisho, maana hiyo ndo iliyokunyima usingizi, meseji ni mlango tu iliyopitia. Watu wengi wanaishia kuhoji ile ya juu, "labda yuko bize", wanapata nafuu ya saa moja, kesho inatokea nyingine.

DALILI: "Naandika kurasa na kurasa lakini nazunguka pale pale"

Angalia ulichoandika, utakuta kina alama za kuuliza. "Kwanini mimi?" "Kwanini wenzangu wote wameolewa?" "Itakuwaje nikikosa tena?" Swali huwezi kulipima kama ni kweli au uongo, unaweza tu kulizungukia. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi kuchunguza jambo hili na alichokuta ni kwamba kukaa na huzuni yako ukiiuliza kwanini, kwanini, kunaifanya sonona ikae muda mrefu zaidi. Mtu anadhani anajitafakari kumbe anajichimbia.

Dawa ni kugeuza swali kuwa sentensi iliyonyooka hata kama inauma kuiandika. "Kwanini wenzangu wote wameolewa?" inakuwa "Nina miaka 32 sijaolewa kwahiyo nina kasoro ambayo wanaume wanaiona". Umeona? Sasa kuna kitu cha kushika. Ina madai mawili ndani yake, kwamba kasoro ipo na kwamba ndo sababu, na yote mawili unaweza kuyatafutia ushahidi.

Na kama kichwa hakitaki kutulia mchana kutwa, kipangie muda. Kuna utafiti wa 1983 wa Thomas Borkovec na wenzake, waliwaambia watu wenye wasiwasi mwingi wachague nusu saa maalum kila siku, sehemu ile ile, wawaze hapo tu, na wazo likija saa nyingine waliahirishe mpaka muda wake. Wasiwasi ulipungua. Chagua saa kumi na moja jioni mfano, usichague muda wa kulala.

DALILI: "Ushahidi wote unaonyesha ni kweli, wa kupinga sina hata mmoja"

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye watu wengi, na nitatumia mfano ambao karibu kila familia Tanzania ina mtu wake: matokeo ya form four. Mtu alipata ziro, imepita miaka kumi, ana watoto, ana biashara, na bado ndani yake kuna sentensi "mimi sina akili", kwenye kikao cha shule ya mtoto hachangii, fomu ya benki anampa mtu mwingine ajaze. Ukimwambia aandike ushahidi anaandika kwa haraka: nilipata ziro, wadogo zangu walifaulu, mwalimu wa hesabu alisema mimi mzigo. Upande wa pili hamna kitu.

Chanzo cha kwanza ni kwamba amechanganya tukio na hukumu. "Nilipata ziro" ni tukio, liache lilivyo, usibishane nalo. "Sina akili" ni hukumu, na hukumu hiyo ina safari ndefu kutoka kwenye lile tukio. Tuipime hiyo safari. Kwa mfumo wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ulivyo sasa A ni pointi 1, D ni pointi 4 na F ni pointi 5, wanachukua masomo saba, na pointi zikiwa chache ndo afadhali. Mwenye D moja na F sita ana pointi 34, anaitwa ziro. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, huyo ana division four. Yaani tofauti ya aliyefaulu na aliyefeli ni D moja ya somo moja, inawezekana ni alama chache tu za Uraia. Unaweza kusema mmoja ana akili na mwingine hana?

Na kuna mwaka ambao nataka kila mwenye ziro aujue. Mtihani wa 2012, matokeo yakatoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata ziro, nchi nzima ikashtuka, Waziri Mkuu wa wakati ule Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei serikali ikayafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya kwa viwango vingine. Yalipotoka tena, maelfu ya vijana walikuwa wametoka kwenye ziro. Karatasi zilikuwa zile zile, majibu yale yale, hakuna aliyeandika herufi mpya. Sasa yule kijana alikuwa hana akili mwezi wa pili akazipata mwezi wa tano? Kama hukumu inaweza kugeuka bila wewe kubadilika hata kidogo, basi haikuwa inakupima wewe peke yako.

Kwahiyo chora duara kwenye karatasi, ligawe kwa vyanzo vyote vilivyochangia, na wewe jiweke mwisho kabisa, hii ni muhimu, ukijiweka mwanzo utajipa asilimia 90. Shule haikuwa na mwalimu wa fizikia miaka miwili, weka. Ulitoka darasa la saba umesoma kila kitu kwa Kiswahili, form one ukaingia kila kitu Kingereza, weka, na hiki weka kipande kikubwa. Kutembea umbali mrefu kila siku, mama kuumwa mwaka wa mtihani, ada na kufukuzwa fukuzwa, viwango vya mwaka ule. Halafu baki yako, uvivu wako kama ulikuwepo, iandike bila kujificha. Inabaki ndogo kuliko ulivyozoea kuibeba, na ni yako kihalali.

Chanzo cha pili ni kwamba ushahidi wa kupinga upo ila hujazoea kuuhesabu kama ushahidi. Ni kesi ambayo mashtaka yameongea miaka kumi na shahidi wa utetezi hajaitwa hata mmoja. Mtu anakumbuka madeni ya wateja arobaini bila daftari, anajua bei za Kariakoo na nauli na faida inayobaki kwa kila dazeni, lakini hiyo kwake "ni kawaida tu". Waulize watu watatu wanaokujua, "mimi ni kitu gani nafanya vizuri ambacho nyie mnakiona?", uandike walichosema bila kukikatakata. Na ujiulize kingine, kama mdogo wako wa kike ndo angekuwa na historia hii hii, ungemwita hana akili? Ukisema hapana, eleza kwanini yeye hapana na wewe ndiyo. Mara nyingi maelezo hayapatikani.

DALILI: "Kichwani najua ni uongo ila moyoni bado naamini"

Hii haimaanishi kazi ya karatasi imefeli, maana yake imefika mwisho wa uwezo wake. Imani iliyojengwa na maisha haibomolewi na maandishi tu, inataka maisha tena, yaani jaribio.

Angalia vitu unavyofanya kujikinga. Mfano unaamini "nikiongea kwenye kikao wataona mimi mshamba", kwahiyo unakaa nyuma, unaongea haraka, unamaliza na "samahani ni wazo tu", kikao kinaisha salama na unajiambia nimepona kwa sababu nilijificha. Imani haijaguswa hata kidogo, kikao kingine utajificha tena. Paul Salkovskis alieleza jambo hili 1991 kwa watu wenye hofu kali, kwamba kinga zile zile ndo zinazuia mtu asigundue kwamba hatari haikuwepo.

Fanya hivi. Andika kabla ya kikao unachotabiri, kwa namna ambayo inaweza kuonekana: "angalau watu wawili watacheka au kunikata maneno". Kaa katikati, ongea jambo moja kwa mwendo wako, usiombe samahani. Ukitoka andika kilichotokea, kwa macho na masikio tu, "nilihisi wamenidharau" haihesabiki. Rudia vikao kadhaa. Anza na kidogo, usianze na hotuba ya harusi.

Na ujue kwamba watu wanakuona kidogo kuliko unavyodhani. Thomas Gilovich na wenzake chuo cha Cornell walichapisha 2000 utafiti ambao mwanafunzi alivalishwa tisheti yenye picha kubwa ya mwanamuziki ambayo wanafunzi wanaona ni aibu, akaingia chumba chenye wenzake. Aliyevaa alidhani karibu nusu ya watu wameiona ile picha, walioiona kweli ni kama robo. Wengine walikuwa na yao kichwani, na nguo yako ya jana watu hawaikumbuki.

DALILI: "Najisemea maneno mazuri kwenye kioo nazidi kuumia"

Acha tu, wala usijilaumu. Joanne Wood na wenzake huko Kanada walichapisha 2009 kwamba watu wanaojiona duni wakirudia sentensi kama "mimi ni mtu wa kupendwa" wanajisikia vibaya zaidi kuliko wasioirudia, waliofaidika kidogo ni wale ambao tayari walikuwa wanajiona vizuri. Ukisema kitu usichokiamini, ndani yako kuna sauti inajibu "muongo", na ndo hiyo unayobaki nayo. Sentensi mpya iwe unayoweza kuiamini kwa 70 leo, bila kupakwa sukari. "Nilifeli mtihani mmoja katika mazingira magumu na tangu hapo nimejifunza vitu vingi kwa njia nyingine", hii inakaa.

DALILI: "Kadri ninavyolifukuza ndo linavyorudi"

Ni kawaida ya akili ya binadamu. Daniel Wegner 1987 aliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika tano, walishindwa, na baadaye waliporuhusiwa walimuwaza zaidi ya wale ambao hawakuwahi kukatazwa. Usifukuze. Sema "nimepata lile wazo la kwamba sifai" badala ya "sifai", endelea kuosha vyombo, liache lipite kwa muda wake.

DALILI: "Nimehoji nimekuta ni kweli"

Inawezekana, na hapa nina msimamo mkali kidogo. Kama umekopa hujalipa na unamkwepa mtu, lile wazo "sijatenda haki" halihitaji kuhojiwa, linahitaji simu, "kaka nisamehe, sina yote, nitaanza na elfu ishirini mwisho wa mwezi". Unachohoji ni pale linapojitanua kuwa "mimi ni tapeli, sitabadilika". Ubaya wa tendo unarekebishika, hukumu ya utu wako haina cha kurekebisha ndo maana inatesa bila mwisho.

Ila kuna kweli nyingine, ile ya mtu anayepigwa nyumbani, au bosi anamshikia mshahara miezi mitatu huku anamwita mpumbavu mbele za watu, halafu anaambiwa na washauri abadilishe mtazamo. Hapana. Kama kuna mtu anakulisha hayo maneno kila siku, karatasi haiwezi kushindana naye. Hapo kwanza tafuta usalama na watu, shangazi, dawati la jinsia polisi, mwenzako kazini, mawazo tutayahoji ukishatoka. Ile kuumia ndani ya hali ya kuumiza ni ishara kwamba akili yako inafanya kazi vizuri.

DALILI: "Mimi nina nuksi, kila ninachogusa kinaharibika"

Sitaki kugombana na imani ya mtu, sala yako iendelee, dua yako iendelee. Ila chukua mwezi mmoja, kila jioni andika yaliyoharibika na yaliyokwenda, hata yale madogo, umefika salama, mteja amelipa, mtoto homa imeshuka. Aliyeamini ana nuksi huwa anayaona ya upande mmoja tu kwa sababu ndo anayoyatazamia, mengine yanapita bila kuandikwa popote. Mwisho wa mwezi soma mwenyewe. Na yale yaliyoharibika tafuta sababu moja moja, mtaji mdogo, mvua, mshirika asiye mwaminifu, maana ukisema nuksi unakuwa umefunga mlango wa kurekebisha.

DALILI: "Sina wa kunisaidia, mtaalam ni mbali na ni gharama"

Kweli wataalam ni wachache kwetu. Lakini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha 2006 mpango wa mabibi wa mtaani, wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu apange tatizo lake moja moja, wakakaa naye kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango ukafika mpaka Zanzibar. Kwahiyo mtu wako si lazima awe na shahada. Chagua mmoja asiyekimbilia kukushauri wala kupeleka maneno, mwambie "nataka unisikilize halafu uniulize, ushahidi uko wapi?"

DALILI: "Nilikuwa nimepona, limerudi lote"

Angalia kwanza umelala saa ngapi wiki hii, umekula, kuna msiba, kuna siku fulani imefika kama matokeo kutangazwa au harusi ya mdogo wako. Imani ya zamani hurudi mwili ukichoka, na ikirudi inakuja na sauti ya uhakika kama vile haijawahi kupingwa. Usianze upya kuhoji usiku huo. Lala, kesho mchana fungua zile kurasa za zamani usome kwa mwandiko wako mwenyewe ulichokuwa umekikuta, kisha toa namba. Kama mwanzo ilikuwa 95 na leo imerudi ni 60, iandike hiyo 60 na tarehe yake.